Vipimo vya Nassra

Badria ni mke wa kaka yangu Muhiddin, na nasema mapema ili pasiwe na lawama baadaye: katika habari hii mimi niko upande wake, si wa kaka yangu. Jina langu Yusra. Kaka nimezaliwa naye tumbo moja na nampenda, lakini aliyoyafanya mwaka huu bado hayajanishuka kooni.

Wifi yangu ni mshoni. Ana chumba chake cha uani pale Kikwajuni, chenye cherehani mbili, kabati la vitambaa na daftari nene la vipimo lililojaa majina ya nusu ya wanawake wa mtaa. Miaka ishirini amekaa kitako mbele ya cherehani, na siku moja kliniki daktari akamwambia sukari imepanda, na asipoanza kutembea ataanza kuchomwa sindano. Badria ana miaka arubaini na tatu na sindano anazozipenda ni za cherehani tu. Alirudi nyumbani akalia, kisha akampigia simu Nassra.

Nassra ndiye shoga yake. Walikaa mkeka mmoja chuoni wakisoma Kurani, waliolewa mwaka mmoja, na nyumba zao zinatenganishwa na kichochoro tu. Nassra ni mrefu, mwepesi wa kucheka, anafanya kazi katika afisi moja mjini. Aliposikia habari ya daktari alisema, "Kutembea kitu gani? Tukimbie."

Walianza katika viwanja vya Maisara, baada ya sala ya alfajiri. Siku ya kwanza Badria alikimbia kutoka goli moja hadi la pili, akakaa chini kwenye nyasi, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa jambo hili. Nassra alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamnyanyua. Hilo simnyimi. Alimnyanyua.

Wiki ile ile Badria alishona nguo za kukimbilia, yake na ya Nassra: gauni pana la kufika magotini lenye mpasuo ubavuni, suruali ndani yake, na mtandio wa kitambaa cha fulana usioteleza kichwani. Wanaume wa barazani hawakukosa maneno. "Bi Badria, nani anakufukuza?" "Sukari," aliwajibu bila kusimama, na baada ya muda wakachoka kuuliza.

Mwezi wa tatu alikuwa anafika Forodhani na kurudi bila ya kupumzika. Mwezi wa sita alimaliza kilomita kumi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu uligeuka mweusi ukatoka, naye akaniletea kiganjani nione, kafurahi utadhani kaokota kipuli cha dhahabu. Sukari ilishuka mpaka daktari akamuuliza anakunywa dawa gani. Mwendo hakuwa nao, nisidanganye. Mtu anayekwenda sokoni kwa haraka angeweza kuzungumza naye njia nzima. Lakini alikuwa hachoki, au alikuwa anachoka na huku anaendelea, mimi sijui tofauti yake. Siku moja, anatia uzi kwenye sindano, aliniambia kwamba tangu azaliwe anashona nguo za watu, anapika chakula cha watu, anaangalia watoto wa watu. "Hii ni yangu, Yusra," alisema.

Habari ya mbio ndefu aliileta Nassra. Kilomita arubaini na mbili, kuanzia Forodhani hadi Bungi, mbele kidogo ya Tunguu, na kurudi. Badria aliogopa. Alisema watamwacha mbali, atabaki peke yake barabarani, mwanamke mtu mzima, na magari yanampita. Nassra akamshika mkono mbele yangu na mbele ya kaka.

"Tutatoka pamoja na tutafika pamoja," alimwambia. "Ukitembea, n'natembea. Ukikaa, n'nakaa."

Kaka Muhiddin, ambaye ni fundi wa mafriji na kwa kawaida ni mtu mpole, akasema, "Nassra akiwepo, mimi sina neno. Nenda." Kesho yake alikwenda Darajani mwenyewe akamnunulia raba mpya. Alikuwa mume mwema siku ile.

Sasa kwetu Unguja sare si nguo tu. Wanawake wakiwa na shughuli, ikiwa arusi au maulidi, wale walio kitu kimoja hununua kitambaa kimoja na kushona mshono mmoja. Aliyemo yumo. Asiyemo hana haja ya kuambiwa, atajiona mwenyewe siku hiyo, kasimama peke yake na rangi nyingine. Badria ameshona sare za watu maisha yake yote. Anajua nani kaachwa kabla mwenyewe hajajua, na siri hizo hazijapata kumtoka mdomoni.

Wiki tano kabla ya mbio nilikuwa chumbani kwake namsaidia kukata nyuzi. Simu ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kitambaa. Alikuwa Mayasa, mshoni wa Mji Mkongwe. Washoni hawa huulizana vipimo kama majirani wanavyoombana chumvi.

"Bi Badria, samahani nakusumbua," alisema Mayasa. "Nna kazi ya haraka hapa, sare za mbio, watu wanane. Mmoja hana nafasi ya kuja kupimwa, kaniletea gauni lake la zamani nipimie hilo. Lakini juzi nlimuona kapungua, n'naogopa litampwaya. Nkasema bora nimuulize mshoni wake. Ni Nassra, shoga yako."

Cherehani ilisimama. Badria akauliza, "Mbio zipi?"

"Hizi za Bungi. Wanawake wa afisini kwao, kuna hoteli inawagharimia. Kitambaa cha kijani, kizuri. Kwani wewe humo?"

Mimi nilitazama chini. Mayasa upande wa pili alikuwa ameshajua kwamba kasema lisilosemwa.

"Andika," alisema Badria. Alifungua daftari, ingawa vipimo vya Nassra anavijua kwa moyo. "Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na nane, kilikuwa thelathini na moja. Mkono ishirini na mbili na nusu. Muachie nafasi kwapani, anatupa sana mikono akikimbia."

Mimi ningempunguzia inchi mbili kila pahala, na nilimwambia hivyo simu ilipokatika. "Kazi ni kazi," alinijibu. Akarudi kwenye cherehani, na mshono alioushona pale ulikwenda upande, nikamwona anaufumua wote.

Nilimtaka amkabili Nassra siku ile ile. Hakutaka. Alisema labda Nassra anatafuta namna ya kumwambia, labda hata hao wa afisini wamemshurutisha, na yeye atampa nafasi. Nafasi gani hiyo? Wiki tatu walikutana kila alfajiri pale pembeni ya kichochoro, wakakimbia ubavu kwa ubavu, na Nassra akazungumza kuhusu bei ya samaki, mafuta ya nywele, na mkwewe aliyekuja kukaa haondoki. Kuhusu sare, kimya. Siku ya kilomita thelathini, walipofika Jumbi, Nassra alisema leo anaona miguu yake miepesi, atangulie kidogo. Badria alirudi mjini peke yake saa tano ya mchana, akamkuta Nassra kibarazani kwake keshaoga, anakula embe.

"Nlijua utafika tu," alimwambia.

Nilikasirika mimi badala ya Badria. Yeye alikuwa bado anamtafutia shoga yake udhuru, mpaka kaka aliporudi kutoka barazani jioni moja akiwa anacheka.

"Hebu sikieni maajabu," alisema. "Mzee Abdulrazak kanipa mkono mbele ya watu. Ati hongera, nimefanya vizuri kumkataza mke wangu asikimbie barabarani. Nkamuuliza, nani kamkataza? Akanambia kasikia kwa mwanawe Bashira."

Bashira ni mmoja katika wale wanane. Kaka alikuwa ameyauliza yote, na akatueleza yote, kwa kuwa aliona ni kichekesho. Afisini walipounda kundi lao walimwambia Nassra aje na yule rafiki yake anayekimbia naye. Nafasi ya Badria ilikuwepo. Nassra ndiye aliyewajibu kwamba rafiki yake hawezi, mume wake kamkataza.

Kwa hiyo hakuna aliyemwacha nje isipokuwa Nassra. Alitaka kwenda na wenye mwendo, akaona haya kusema kwamba shoga yake ni mzito, akamtwisha kaka yangu. Badria alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Kesho ntamwambia Mzee kwamba si kweli," alisema kaka.

Kesho yake hakumwambia. Siku ile mwalimu wa chuoni naye alimpa mkono. Siku ya pili yake, kaka alipofika barazani watu walisogea wakampa nafasi ya katikati, na kahawa ikaanzia kwake. Mnielewe: kaka yangu ana miaka arubaini na nane, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyempongeza kwa jambo lolote zaidi ya kulifanya friji ligandishe tena. Nilimwona anabadilika. Akaanza kutoka na kanzu iliyopigwa pasi hata siku isiyokuwa ya Ijumaa. Habari ya Mzee Abdulrazak haikumchekesha tena. Siku ya tano, tumekaa tunakula, aliosha mikono kabla hajamaliza sahani.

"Nimefikiri juu ya hizi mbio za Jumapili," alisema.

"Umefikiri nini?" aliuliza Badria.

"Mimi nlisema Nassra akiwepo. Sasa Nassra ana watu wake, utakuwa peke yako. Na watu washajua kwamba nimekataza. Nikikuachia sasa hivi, ntaonekana mtu gani? Usende."

"Kaka," nilisema, "lakini wewe hukukataza!"

"Basi sasa nakataza."

Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na sitayaandika hapa kwa kuwa mama yetu bado yuko hai. Nilimwambia anamnyang'anya mkewe kitu pekee alichokitaka, ili apewe kikombe cha kwanza cha kahawa. Badria alikusanya sahani. "Haya, Muhiddin. Nimesikia," alisema, akaenda nazo jikoni, na maji ya bomba yakafunguliwa yakaachwa yakimwagika muda mrefu.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio, Nassra alipiga hodi. Alikuja na sahani ya vitumbua imefunikwa kitambaa. Akakaa karibu na Badria, akamshika goti.

"Nimesikia Muhiddin kakukataza," alisema. "Pole, shoga yangu. Wanaume hawa, wallahi."

Badria alimtazama usoni, si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata.

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema."

"Basi itakuwa kweli," alisema Badria.

Nafasi ilikuwa ile. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alichohitaji Nassra ni kusema neno moja, hata kwa kulia. Na kweli alilia. Machozi yalimtoka, akamkumbatia Badria, akamwambia, "Ntakimbia kwa ajili yako na wewe." Mimi niliondoka nikaenda uani, maana sahani ya vitumbua ilikuwa karibu sana na mkono wangu.

Ijumaa baada ya sala Badria aliniita. "Yusra, vespa yako ina mafuta?"

"Inayo. Unataka kwenda wapi?"

"Bungi. Muhiddin kakataza Jumapili. Jumamosi hakuitaja."

Kaka Jumamosi alikuwa na kazi ya mafriji Nungwi, anaondoka mapema na kurudi magharibi. Nilimwambia Badria kwamba akitaka, nitamfuata hata mpaka Makunduchi.

Tulianza Forodhani, tumeshasali. Nilifunga chupa sita za maji nyuma ya vespa, na tende, na chumvi kwenye karatasi, nikawa nakwenda mbele kidogo, nasimama, namngoja. Michenzani watu walikuwa wanafungua maduka. Mwanakwerekwe magari ya mboga yalikuwa yanashusha mizigo, na mwanamke mmoja mwenye kikapu cha bilingani alitupisha akatuombea dua bila ya kujua tunakwenda wapi. Badria alikimbia na mwendo wake ule ule, mikono imemgandia kifuani, midomo inahesabu kitu. Pale Tunguu, mbele ya lango la chuo kikuu, wanafunzi walimtazama kwa muda kisha wakarudi kwenye simu zao. Tulipofika Bungi alilizunguka duka la mwisho, akagusa ukuta wake, akageuka.

Kurudi kulikuwa na jua. Alitembea, akakimbia, akatembea tena. Kabla ya kufika Jumbi nilimwona analia, nikashuka kwenye vespa nikaikokota ubavuni mwake.

"Miguu?" nilimuuliza.

"Si miguu." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Angenambia tu, Yusra. Angenambia, Badria, wewe unanichelewesha, mimi n'nataka kwenda na wenzangu. Ningemwambia nenda. Ile sare ningemshonea mimi."

Nilimpa maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani juu ya mtandio. Kisha akaanza tena kukimbia, taratibu sana hata niliweza kumfuata kwa miguu na vespa mkononi, na nilimfuata hivyo mpaka mikono yangu ikakataa.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta tunaingia mjini. Forodhani tulifika saa saba na dakika kumi. Mafundi walikuwa wanasimamisha lile lango kubwa la kumalizia mbio, na mmoja wao akanyoosha mkono kumzuia.

"Mama, hapa hapapitwi. Mbio ni kesho."

"Najua, mwanangu," alisema Badria. Akapita pembeni, akaenda mpaka ukutani pale penye bahari, akaweka mikono miwili juu ya ukuta, akainama. Nilipiga makofi peke yangu, na watalii waliokuwa wanakula aiskrimu wakanitazama kama mwehu. Mita ya vespa ilisema tumekwenda kilomita arubaini na mbili na kitu. Nilitaka kumpiga picha, akakataa.

"Usimwambie mtu," alinambia. Namwomba radhi kwa haya ninayoyaandika.

Jumapili asubuhi kaka alikwenda Forodhani na wenzake wa barazani kutazama mbio. Alasiri alirudi na Nassra, wamekutana njiani, yeye na sare yake ya kijani iliyomkaa vizuri sana, na medali shingoni. Alikuwa amemaliza kwa saa tano na dakika chache. Kaka alimfungulia mlango, akamvutia kiti, akamwekea mto chini ya miguu.

"Hongera sana!" alisema kaka. "Kilomita arubaini na mbili si mchezo, Bi Nassra. Watu wote barazani wamekusifu."

"Wacha, shemeji, nyonga zinawaka moto," alisema Nassra. "Mtu asiyezikimbia hawezi kujua." Kisha akamgeukia Badria, macho yamemlegea kwa huruma. "Nlikukumbuka njia nzima, shoga yangu."

"Ahsante," alisema Badria. "Nikuletee juisi."

Alishika mkono wa kiti kwa mikono yote miwili ndipo akaweza kusimama. Akaenda kwa kuchechemea, kiganja chake kinafuata ukuta, na penye kidaraja cha kushukia jikoni alisimama, akageuka upande, akashusha mguu mmoja, akapumua, akashusha wa pili. Mume wake na shoga yake walikuwa wanamtazama muda wote huo.

"Tia na barafu," alisema kaka, na Nassra akaendelea kueleza jinsi jua la Tunguu lilivyokuwa kali.